Barafu ya Nairobi, Nyasi za Mvita, Vumbi la Bofu

Ubishi ulizuka kwenye baraza moja hapa Bofu, Likoni, baada ya sala ya alasiri, saa ile kahawa inapomiminwa na maneno yanapoanza kupata moto. Kijana wa kidato cha tatu alisema kwamba wako Wakenya wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu, tena papa hapa nchini. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kikombe alicheka hata kahawa ikamwagika.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "barafu ya kununua hapo feri haifiki Shika Adabu ila imeshakuwa maji. Hao watu waichezea wapi?"

"Nairobi, babu. Hotelini."

"Hotelini! Basi hao wachezea ndani ya friji."

Watu wakaangua kicheko na kijana akanyamaza. Lakini msomaji mpenzi, kijana alikuwa na haki yake, na kichekesho ni kwamba hata mzee hakukosea sana. Uwanja wa barafu kwa kweli ni friji kubwa iliyolazwa chali.

Hoteli yenyewe ni Panari, iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa, upande wa Nairobi wa kuelekea uwanja wa ndege. Mwaka 2005 ulifunguliwa pale ukumbi wa kuteleza barafuni, wa kwanza katika eneo letu lote la Afrika Mashariki na Kati. Haukujengwa kwa ajili ya wanamichezo. Ulikuwa mahali pa burudani: baba na mama wanaleta watoto Jumapili, watoto wanavalishwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya nyayo, wanaanguka, wanacheka, wanainuliwa, na baadaye familia inakula chipsi. Ni mdogo sana ukilinganisha na viwanja rasmi vya mchezo huo, ambavyo huwa na urefu wa mita 60 hivi na upana wa kati ya mita 26 na 30.

Hebu nieleze kidogo namna barafu hiyo inavyokaa bila kuyeyuka, maana ndilo swali lililotushinda barazani. Chini kabisa kuna sakafu ya zege. Ndani ya zege yamepangwa mabomba mengi, na mabombani humo hupitishwa maji ya chumvi au dawa maalumu ambayo haigandi hata ikipozwa kupita kiwango cha maji ya kawaida kuganda. Mtambo, wa namna ileile iliyo nyuma ya friji ya dukani ila mkubwa zaidi, huipoza dawa hiyo usiku na mchana. Zege nalo hupoa. Kisha maji hunyunyizwa juu yake kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka likiganda kabla ya jingine, mpaka barafu ifikie unene wa sentimita mbili na nusu au tatu. Si zaidi. Ukisikia watu wanacheza juu ya barafu usidhani ni jiwe la mita nzima, kwani ni kitu chembamba kuliko mkate wa ajemi uliokunjwa mara mbili.

Barafu hiyo hukwaruzwa na vyuma vya viatu, kwa hiyo lazima ilainishwe kila mara. Zamani wafanyakazi walifanya kazi hiyo kwa mikono na ndoo za maji. Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye Frank Zamboni, mwenye ukumbi wa kuteleza katika jimbo lenye joto la California, alitengeneza gari linalokwangua juu, kuosha na kumwaga maji mapya kwa mkupuo mmoja. Mpaka leo magari hayo huitwa kwa jina lake. Na hili la California ni la kutiliwa maanani: aliyebuni mtambo huo hakuwa mtu wa nchi ya theluji.

Sasa basi, ukumbi wa Panari ulipofunguliwa, waliojitokeza kwanza na magongo walikuwa wageni, Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na kuukumbuka mchezo wa kwao. Vijana wa Kenya waliokuwa wakiteleza kwa viatu vya magurudumu juu ya lami walipowaona, wakaomba kujaribu. Aliyekwisha kujua kusimama juu ya magurudumu hapati shida kubwa kusimama juu ya chuma. Ikazaliwa timu ikajiita Ice Lions, yaani Simba wa Barafu.

Kwa miaka mingi simba hao walikuwa na tatizo moja lisilo na dawa. Hawakuwa na wa kucheza naye. Ukiwa ndiyo timu pekee nchini, utamfunga nani? Walijigawa makundi mawili wakafungana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwasafirisha hadi Toronto, wakapewa mavazi kamili, wakacheza na timu ya huko, na pembeni yao wakapangwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao katika mchezo huo ni kama kusema umepangwa na Messi na Ronaldo. Ilipokuja korona mwaka 2020 ukumbi ulifungwa, wakarudi kwenye magurudumu. Na bado hawakuvunjika moyo, kwani mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo, ikiwa nchi ya tano ya Afrika baada ya Afrika Kusini, Moroko, Tunisia na Aljeria.

Hayo yote yametokana na nini? Na mtambo mmoja wa kupoza uliofungwa na mwenye hoteli ili watoto wacheke Jumapili. Hakuna waziri aliyekaa na kuamua kwamba Kenya iwe nchi ya hoki ya barafu. Uwanja ulikuwapo, vijana wakaja.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, maana kuna hadithi nyingine ya magongo ambayo ni yetu zaidi, na wengi wa vijana wanaotazama Ligi ya Uingereza kila Jumamosi hawaijui kabisa.

Mpira wa magongo wa nyasini, huu tunaouita hoki tu, uliwahi kuipa Kenya heshima kubwa duniani. Kenya ilianza kushiriki Olimpiki mwaka 1956, kule Melbourne, na hoki ikawamo. Tokyo, mwaka 1964, timu yetu ilishika nafasi ya sita. Na mwaka 1971 yalipofanyika mashindano ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la hoki, mjini Barcelona, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Mbele yetu walikuwa Pakistan, Hispania na India tu, na hao India walitushinda kwa mabao mawili kwa moja katika kugombea nafasi ya tatu. Mlinzi wa timu ile, Avtar Singh Sohal, aliyejulikana kwa jina la Tari, alicheza Olimpiki nne, kuanzia Roma mwaka 1960 hadi Munich mwaka 1972, na jina lake likaingia katika kitabu cha Guinness kwa kucheza mechi 167 za kimataifa.

Ukitazama majina ya kikosi kile utaona Masingasinga na Wagoa kwa wingi. Sababu haijifichi. Wakati wa ukoloni michezo ilipangwa kwa rangi kama vile shule na hospitali zilivyopangwa. Wazungu walikuwa na vilabu vyao, Masingasinga vyao, Wagoa vyao, na kila klabu ilikuwa na kiwanja chake. Mwafrika hakuwa na klabu wala kiwanja cha magongo, kwa hiyo hakuwa na magongo. Watu husema mchezo fulani "uko katika damu" ya kabila fulani. Mimi siamini. Nikichunguza naona kwamba huwa uko katika kiwanja kilicho karibu na nyumba.

Hapa Mombasa, katikati ya mji, tunayo Mombasa Sports Club, kwenye barabara ya Mnazi Mmoja. Ilianzishwa mwaka 1896, mwaka uleule reli ya Uganda ilipoanza kutandikwa kutoka kisiwani. Pale hoki imechezwa kwa vizazi, pamoja na raga na kriketi, na mechi za kriketi za kimataifa zimewahi kuchezwa pale. Ni kiwanja cha nyasi kizuri mno, chenye upepo wa bahari, na jioni huwa ni mahali pa kukaa, kula na kusikiliza muziki. Kama kuna mahali katika mji wetu panapofanana na zile kumbi za wenzetu za ng'ambo, za magongo na burudani kwa pamoja, ni pale. Ila ni klabu, na klabu ni ya wanachama. Mtoto wa Bofu anaweza kuvuka feri bure, kwa sababu mwenye miguu halipi, apande mteremko wa Likoni upande wa kisiwani, atembee mpaka Mnazi Mmoja, na akifika atazame mechi kwa kupitia ukuta.

Nini kilichoiangusha Kenya baada ya Barcelona? Wengi watasema ni kuondoka kwa Wahindi mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada yake, na ni kweli wachezaji wengi na walimu wao walihamia Uingereza na kwingineko. Wengine watataja kususia Olimpiki za mwaka 1976 na 1980. Hayo yote yamo. Lakini kuna jambo la tatu ambalo mimi nalipa uzito zaidi. Katika Olimpiki ya Montreal, hiyohiyo ya 1976 ambayo hatukwenda, hoki ilichezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia. Tangu siku hiyo nyasi za Mungu zikawa hazitoshi. Mpira juu ya nyasi bandia huenda kasi, haurukiruki, na mchezaji aliyefunzwa juu ya nyasi za kawaida huonekana kama mtu aliyepewa gari asilojua gia zake. Uwanja mmoja wa namna hiyo ni mita 91 na ushee kwa mita 55, unahitaji msingi wa kitaalamu na maji mengi ya kuulowanisha, na baada ya miaka kadhaa zulia lenyewe huchakaa lazima litandikwe jingine. Nchi zenye fedha zikatandika kila mji. Hata India na Pakistan, wafalme wa mchezo, walitikisika.

Kenya ilipata zulia lake kule City Park, Nairobi, kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Na tazama matokeo yake: mwaka uleule timu ya wanaume ikatwaa dhahabu ya Afrika, na mwaka 1988 ikaenda Seoul, safari hii ikiwa na Waafrika wengi kikosini. Kiwanja kimoja tu kilitosha kufanya hivyo. Lakini kiwanja hicho kiko Nairobi, umbali wa karibu kilomita 480 kutoka hapa, na hoki ikazidi kuwa mchezo wa aliye karibu na zulia.

Nisije nikaonekana nalilia mambo makubwa tu. Naomba nikupeleke msomaji kwenye mji mdogo, mdogo kuliko Likoni yetu, ili uone ukumbi wa magongo unavyoweza kuubeba mji mzima.

Mji huo ni Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani, ambako majira ya baridi huua mtu. Watu wake hawafiki 40,000. Ulijengwa na viwanda vya nguo, na vibarua wa viwanda hivyo walikuwa Wakanada wanaosema Kifaransa, Wakatoliki, waliokuja na mapenzi ya hoki ya barafu. Parokia yao ilikuwa na ukumbi wa barafu, ukateketea kwa moto mwaka 1956, wakajenga mwingine uliofunguliwa mwaka 1958. Waumini kujenga ukumbi wa magongo! Baadaye ulibadili wenyewe na majina, ukajulikana kama Colisée.

Ukumbi kama ule hauishi kwa magongo peke yake. Barafu hufunikwa kwa mbao nzito zisizopitisha baridi, viti vikapangwa juu yake, na usiku huohuo ukawa ukumbi wa muziki, wa mikutano, wa masumbwi. Na masumbwi ndiyo yaliyoufanya ujulikane dunia nzima. Tarehe 25 Mei, 1965, Muhammad Ali alitakiwa kupigana na Sonny Liston kwa mara ya pili. Pambano lilikuwa lifanyike Boston, wakuu wa huko wakalikataa dakika za mwisho, na mapromota wakaanza kutafuta mahali popote penye paa. Lewiston wakasema, karibuni. Waliolipa wakaingia ni watu 2,434, idadi ndogo kuliko zote katika historia ya mataji ya uzito wa juu. Pambano halikumaliza raundi ya kwanza. Ile picha ya Ali amesimama juu ya Liston aliyelala, mkono umekunjwa, mdomo wazi akimwamuru ainuke, ambayo huenda unaijua kwa kuiona kwenye kinyozi au kwenye matatu, ilipigwa mle, katika ukumbi wa magongo wa vibarua wa viwanda vya nguo.

Hadithi ya Lewiston ina kipande kinachotuhusu sisi zaidi. Kuanzia mwaka 2001 Wasomali walianza kuhamia mji ule, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za hapa kwetu, Dadaab na Kakuma. Wakafuatwa na Wasomali Wabantu, ambao baadhi ya wazee wao bado husema Kizigua, lugha ya mababu waliotolewa upande wa Tanga kama watumwa. Mji ukatikisika. Mwaka 2002 meya aliandika barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaitisha mkutano dhidi yao, wakajitokeza watu wachache, na siku hiyohiyo maelfu ya wenyeji wakakusanyika chuoni kuwaunga mkono wageni.

Je, watoto wa wageni hao waliingia katika ule ukumbi wa barafu? Wachache. Viatu, kofia ngumu, magamba ya kujikinga mwilini, gongo, ada ya kukodi barafu kwa saa: familia ya mkimbizi itavitoa wapi? Walikwenda kwenye kandanda, ambayo inataka mpira mmoja na nafasi tupu. Mwaka 2015 shule ya sekondari ya Lewiston, ikiwa na vijana waliozaliwa Somalia, Kenya na Kongo, ilitwaa ubingwa wa jimbo wa kandanda kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wajukuu wa Wafaransa wakawashangilia. Mji mmoja, viwanja viwili, na kila kiwanja kimeteua watoto wake.

Turudi nyumbani. Sisemi Mombasa ijenge ukumbi wa barafu. Kwa joto hili la Februari na kwa bili za umeme tunazozijua, mwenye kuujenga angefilisika kabla ya kugandisha tabaka la pili. Wala siwalaumu waliotengeneza upya bustani ya Mama Ngina iliyofunguliwa mwaka 2019, ambako sherehe za Mashujaa za mwaka huo zilifanyika. Pale familia ya Likoni huvuka jioni, ikala mihogo ya pilipili na ndimu, ikanywa madafu, watoto wakakimbia. Ni jambo jema. Lakini kule huvuki usiku wa manane na watoto watatu usingizini, feri nayo ikiwa imeshikilia ng'ambo. Burudani ya mtu wa Likoni ina saa ya mwisho, na saa hiyo haiwekwi na yeye.

Kinachohitajika upande huu wa maji ni kidogo zaidi. Magongo ya nyasini hayataki barafu. Yanataka gongo, kampira kagumu, kinga za miundi na uwanja sawa usio na mawe. Hata uwanja wa zege wa mpira wa vikapu, mita 28 kwa 15, unatosha watoto wa magurudumu kujifunza na watoto wa magongo kujifunza kupiga pasi, na jioni ukawekwa viti na vipaza sauti ukawa ukumbi wa taarabu au wa mitihani ya madrasa. Wale simba wa Nairobi walianzia juu ya lami.

Lakini hata hicho kidogo kinataka ardhi, na ardhi ya kuchezea ndiyo inayopungua. Tunakumbuka tarehe 19 Januari, 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata kule Nairobi walipotoka darasani wakausukuma ukuta uliojengwa kuzunguka kiwanja chao, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi, watoto wa sare za shule. Kelele za nchi nzima ndizo zilizokirudisha kiwanja mikononi mwa shule. Ilichukua machozi ya watoto kwa sababu watu wazima hawakuwa wameuliza mapema.

Katika mikutano ya wazazi ya shule zetu za Likoni huzungumzwa chakula cha mchana, fedha za mitihani, sare na choo kilichojaa. Kwenye mkutano ujao, mambo hayo yakishamalizwa na kabla ya dua ya kufungia, mzazi mmoja anyooshe mkono, amuulize mwalimu mkuu kwa adabu: kiwanja chetu kimepimwa, na hati yake iko kwa nani?